Miguu ya Kibwana Nyuma Yangu

Jumamosi, 2 Juni 1956

Vitunguu tena. Magunia kutoka stesheni mpaka soko la Kariakoo, safari baada ya safari. Bega limechubuka palepale lilipochubuka juzi.

Mimi mbele, Kibwana nyuma. Ndivyo tulivyo tangu tuanze kuvuta mkokoteni wa Bwana Seif, Mwarabu mwenye duka la nafaka hapa Msimbazi. Wa mbele hageuki. Ukigeuza shingo, mikono ya mkokoteni inageuka nawe, mzigo unalala upande, mtu anavunjika. Wa nyuma ndiye macho yako. Akigonga ubao mara moja, simama. Mara mbili, nenda. Kwa hiyo wakati wa kazi uso wa Kibwana siuoni. Naijua miguu yake. Wa kushoto anauburuza kidogo. Pa, shaa. Pa, shaa. Ningeijua hata katika miguu ya soko zima.

Leo mbele ya wauza kahawa alipaza sauti: "Jamani, mtazameni Mnyamwezi! Babu yake alikuja pwani na mzigo kichwani, mjukuu mpaka leo hajautua!" Watu wakacheka. Nikamjibu palepale, macho mbele: "Na babu yako wewe Mzaramo aliuza minazi yote akaimalizia kwenye ngoma. Ndiyo maana leo unasukuma makalio ya Mnyamwezi." Wakacheka zaidi. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kwetu Nzega utani na Wazaramo niliusikia kwa wazee tu, habari za misafara ya zamani. Hapa ndio chakula cha kila siku. Bila Kibwana mji huu ungenishinda mwaka wa kwanza.

Jumatatu, 4 Juni

Mbio zimekaribia. Wazungu wa serikali ya mji wameziandaa, maili ishirini na sita. Kutoka Mnazi Mmoja, Msimbazi, Barabara ya Pugu mpaka karibu na vilima, kisha kurudi, kuzunguka Upanga na Uhindini, na kumalizia Mnazi Mmoja. Tumeandikishwa sote wawili. Karani alituuliza kama tumewahi kukimbia. Kibwana akamwambia, "Bwana, sisi ni punda. Punda hukimbia akichapwa. Mtafute wa kutuchapa." Karani hakucheka.

Tunafanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi. Kwa mpango uleule. Mimi mbele, yeye nyuma.

Leo kafanya mchezo wake tena. Tulipofika Mnazi Mmoja akaanguka kwenye nyasi, macho juu, ulimi nje. Wapita njia wakakusanyika. Mama mmoja akaanza kulia. Akainuka akawaomba hela ya kahawa. Mjinga yule. Hii ni mara ya tatu. Nimemwambia ipo siku watu watamzika hivyohivyo. Akasema, "Utanizika wewe. Mtani wangu nani mwingine?"

Jumanne, 5 Juni

Kibwana amekufa.

Alhamisi, 7 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Ilikuwa alfajiri ya juzi, Barabara ya Pugu, tumepita Buguruni kwao. Mimi mbele. Nikasikia miguu yake inapunguza. Pa. Shaa. Pa. Kisha ikasimama. Kisha kishindo cha mtu kuanguka. Nikajua ni mchezo. Sikugeuka. Nikapiga kelele, "Kufa basi! Nikirudi nitakula ubwabwa wako!" Nikacheka. Nikaendelea mpaka mahali tunapogeukia.

Niliporudi watu walikuwa wamesimama. Nikawaambia wamwache, huyo atainuka, anataka kahawa. Nikasema hivyo kwa kinywa changu. Mzee mmoja akanitazama kama mtu anavyomtazama kichaa. Kibwana alikuwa amefunikwa kanga ya mwanamke wa jirani. Miguu ilikuwa nje.

Moyo, wamesema. Mtu wa umri wangu.

Akazikwa siku ileile baada ya alasiri. Na mimi ndiye mtani. Kazi ya mtani inajulikana. Nilipaswa kulizuia jeneza njiani na kukataa lisipite mpaka nipewe kitu. Nilipaswa kuingia kaburini kabla yake na kusema hapa ni kwangu, Mzaramo akalale mkekani kwa mama yake. Wafiwa wacheke huku wanalia. Hivyo ndivyo Wazaramo wanavyomwachia mtu wao aende. Nilimwona mtani mwingine akifanya hivyo mwaka jana, mpaka mjane alicheka.

Jeneza lilipofika kwenye njia panda wale waliolibeba wakasimama wenyewe. Wakaningoja. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wakangoja. Halafu wakapita.

Kaburini vilevile. Nikasimama kama mti.

Jumatatu, 11 Juni

Nimerudi kazini. Bwana Seif amenipa mtu mpya wa kusukuma. Chilumba, Mmakonde, mtu wa Newala. Mpole. Hasemi sana. Mguu wake mzito na sawasawa. Pa, pa, pa, pa.

Mchele leo. Magunia mengi kuliko kawaida. Mkokoteni ulikuwa mwepesi. Sielewi. Nilivuta kama nimebeba pamba. Tulipofika dukani nikamwuliza Chilumba kama kuna mtu alitusaidia kusukuma. Akasema hapana. Akasema mikono yake inamwuma kwa uzito.

Ijumaa, 15 Juni

Ni yeye.

Leo nimesikia vizuri. Tulikuwa tunapanda kutoka Gerezani, barabara tupu, watu wako msikitini. Pa, pa, ya Chilumba. Na katikati yake, nyuma kidogo, upande wa kushoto: pa, shaa. Pa, shaa.

Sikugeuka. Wa mbele hageuki.

Naogopa. Sina la kuongeza.

Jumapili, 17 Juni

Nimekwenda Buguruni kwa mama yake. Bi Mwajuma. Alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua macho. Mdogo wake Kibwana, Mwanaidi, akaniletea kigoda akakiweka mbali na mama. Nilielewa.

Nilimweleza ninachosikia. Sijui kwa nini. Pengine sikuwa na mwingine. Nilidhani atanifukuza.

Akaacha mchicha. Akasema na yeye anamsikia. Jioni jua likizama, mtu anakuja mbio mpaka mlangoni. Anasimama. Haingii. Haondoki. Mwanaidi naye amesikia, ndiyo maana siku hizi anapika akiupa mlango mgongo.

Bi Mwajuma akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Maganga, mwanangu hajaambiwa kwamba amekufa. Sisi tumelia tu. Kulia hata mtu akisafiri tunalia. Wa kumwambia ni wewe. Arobaini yake ni Jumamosi ya katikati ya mwezi ujao. Ikipita bila utani, atabaki hapo mlangoni, na mimi nitakufa nikimsikiliza."

Nikamwambia sina maneno. Nimejaribu. Akasema, "Tafuta."

Sikumwambia nilichokisema barabarani alfajiri ile. Hajui. Hakuna ajuaye.

Jumatano, 20 Juni

Nimejaribu njiani kumtukana, kimoyomoyo. Mzaramo wewe. Basi. Baada ya hapo hakuna. Zamani matusi yalinijia kama nzi kwenye embe.

Sijalala.

Jumamosi, 23 Juni

Nimeamua kukimbia. Nilitaka kuziacha zile mbio. Lakini nimefikiri. Tuliandikishwa wawili. Pengine anachotaka ni mbio zake. Nikimfikisha mwisho ataridhika, atakwenda, na sitahitaji kusema kitu mbele ya mama yake.

Alfajiri nimekimbia peke yangu. Si peke yangu.

Alhamisi, 28 Juni

Mambo yameharibika.

Tulikuwa Msimbazi, tumebeba mchele wa Bwana Seif, tunateremka kwa kasi. Nikasikia ubao unagongwa mara moja. Ko. Nikasimama palepale, nikakaza visigino. Chilumba hakuwa amegonga. Alikuwa anasukuma kwa nguvu zake zote. Magunia yakaruka. Moja likapasuka, mchele ukamwagika barabarani, kuku na watoto wakajaa. Gurudumu likamkanyaga Chilumba mguu.

Bwana Seif alitoka dukani na kanzu kaipandisha. "Maganga! Umerogwa, au umelewa mchana?" Nikasema nilisikia kugonga. Chilumba, mguu unavuja damu, akasema, "Mimi sijagonga, kaka. Wallahi sijagonga." Bwana Seif akaokota gunia lililopasuka. Akasema nikirudia tena nitafute mkokoteni mwingine. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Nilimfunga Chilumba mguu kwa kitambaa changu. Nikamwomba radhi. Akauliza, "Yule unayemsikia, ananichukia?" Nikasema hapana. Hakuwahi kumchukia mtu.

Kumbe naye amejua.

Jumapili, 1 Julai

Maneno bado hayaji. Nilikwenda kwa wauza kahawa nikakaa nisikilize watu wakitaniana. Mzaramo mmoja alinichokoza: "Wee mla asali, nyuki wa kwenu wamekutuma nini huku?" Watu wakageuka kusikia jibu langu. Nikanywa kahawa. Yule akanong'onezwa, akaona haya, akasema samahani, hakujua kuwa nina msiba.

Mtani kuombwa samahani na mtani. Ni kama kutupiwa mchanga kaburini.

Jumamosi, 7 Julai

Kesho. Nimekula wali na maharage mengi. Nimepaka miguu mafuta ya nazi. Wengine watavaa viatu vya raba. Mimi nyayo zangu ni ngumu kuliko raba.

Jumamosi ijayo ni arobaini. Naomba Mungu kesho iwe imetosha.

Jumapili, 8 Julai

Naandika nimelala kifudifudi. Magoti hayakunjiki.

Mnazi Mmoja ilifurika. Sijaona watu wengi hivi hata siku za mikutano. Wahindi wamepanga viti, watoto juu ya miti, bendi ya polisi inapiga. Wakimbiaji wa kila aina. Askari wa jeshi, makuli wa bandarini, wanafunzi, Wahindi wa Goa wenye kaptura nyeupe, Wazungu wawili wenye pua nyekundu. Pembeni yangu Mchaga mmoja karani wa duka hapa Kariakoo, viatu vipya, anapiga ishara ya msalaba na kunong'ona. Akaniuliza, "Ndugu, utavua viatu saa ngapi?" Nikamwonyesha miguu. Akasema, "Loo, umeshavua." Nilitaka kucheka. Sikuweza.

Karani akaita majina. Akaniita, nikaitika. Akaita, "Kibwana." Akaita tena. Nikasikia sauti inasema, "Yupo." Ilikuwa yangu. Karani akaweka alama.

Bastola ikalia.

Mwanzo ni upumbavu mtupu. Watu wote wanakimbia kama wameiba. Viwiko mbavuni, vumbi, watoto wanakimbia nasi wakipiga makopo. Sokoni wachuuzi walipanda juu ya meza. Bwana Seif alikuwa mlangoni pa duka lake, akainua mkono. Chilumba kakaa juu ya mkokoteni na mguu wake umefungwa, akapiga kelele, "Kaka Maganga! Vuta! Vuta!"

Ilala watu wakaanza kupungua. Wale walioanza kwa kasi walikuwa wamekaa kando ya barabara wanatapika. Nilikimbia kama navuta. Kichwa chini, pumzi fupi, usitafute mwisho, tafuta hatua. Nilipobaki na nafasi yangu barabarani, ndipo nikamsikia. Pa, shaa. Hakuchelewa. Alikuwa karibu kuliko siku zote.

Mara hii sikuogopa sana. Nikasema kimoyomoyo, haya, twende.

Buguruni walikuwa wananingoja. Wanawake wa kwao, wamesimama kando ya barabara, Mwanaidi mbele. Wawili wameshika kanga pembe kwa pembe, wameivuta kukata barabara mbele yangu kama watu wanaozuia jeneza. Wenzangu wakaipita pembeni. Mwanaidi akapaza sauti mpaka mitaa yote ikasikia:

"Mnyamwezi! Maziko uliyakimbia, sasa unakimbia nini tena?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akadakia: "Mwacheni, kasikia kuna mzigo Pugu!" Na mwingine: "Mzigo anao, hajui kuutua!"

Nilisimama mbele ya ile kanga. Katikati ya mbio. Walikuwa wananifungulia mlango, nilijua. Neno moja tu. Bi Mwajuma alikuwa amekaa nyuma yao juu ya mkeka, ananitazama mdomoni, si machoni. Nikafungua mdomo.

Hakuna.

Kicheko kikaisha chenyewe. Wakaishusha kanga taratibu. Nikaivuka.

Baada ya hapo barabara ya Pugu sina mengi. Jua. Lami ilianza kuyeyuka, ikanata kwenye nyayo. Nyayo zangu si ngumu kuliko lami. Mlima wa mwisho kabla ya kugeuka niliwaona askari wakirudi, wamenyooka kama wamechorwa, yule wa kwanza hata hahemi. Kwenye kugeuka kulikuwa na pipa la maji na kata. Nilikunywa nikajimwagia. Nikasikia nyuma yangu mtu anangoja zamu yake.

Kurudi ndiko kulikoniua. Paja lilikaza kama kamba ya meli. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Mchaga alinipita, viatu kavitundika shingoni, miguu damu tupu. Akasema, "Kanisa zima linaniombea na bado naumia." Akaenda. Buguruni wanawake walikuwapo bado. Hawakusema kitu. Mwanaidi alinipa maji bila kunitazama. Heri angenirushia majivu kama mtani.

Upanga kivuli. Wamama wa Kihindi walisimama malangoni na mabeseni ya machungwa yaliyokatwa. Mmoja aliniwekea kipande mdomoni kwa mkono wake, kama kwa mtoto. Nilifyonza nikalia. Nilikimbia nikilia Uhindini mpaka mwisho, watu wakadhani ni furaha, wakanishangilia.

Nikafika. Hata si katikati ya waliofika. Karani akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema, "Yuko nyuma."

Nikasimama kwenye nyasi nimeinama, mikono magotini. Nikangoja yaishe. Miguu ikaja. Pa, shaa. Pa. Ikasimama nyuma yangu. Haikuondoka.

Jumatatu, 9 Julai

Sikwenda kazini. Siwezi kuchutama.

Mbio hazikumtosha. Nimekuwa mjinga. Nani kanidanganya kuwa alitaka mbio? Alitaka kutukanwa.

Alhamisi, 12 Julai

Mwanaidi amekuja hapa ninapopanga. Nimeona haya kwa jinsi chumba kilivyo. Kaleta furushi la nguo, za Kibwana. Shati la kazi, kaptura, kofia. Mama kasema nizivae Jumamosi.

Nikamwambia dada, maneno sina, umeona mwenyewe barabarani. Akasema, "Nimeona. Na nimesikia, Mnyamwezi mzima kalilia chungwa la Kihindi. Mji mzima umeona." Halafu akasema pole pole, "Mimi simwogopi kaka yangu. Lakini mama halali, hali. Usipoweza Jumamosi, usije kabisa. Asikungoje mara ya tatu."

Ameondoka. Nguo ziko kwenye msumari. Siwezi kuzitazama na siwezi kuacha.

Jumapili, 15 Julai

Nimefanya. Naandika kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Nilifika jana wakati kisomo kimekwisha. Wanaume barazani, wanawake uani na masufuria. Nilikuwa nimevaa nguo zake tangu nyumbani. Shati lilinibana kwapani. Njiani nzima nilimsikia, na njiani nzima sikuwa na neno hata moja. Nilikwenda tu. Nikasema nikishindwa nitarudi Nzega, sitavuta tena katika mji huu.

Kwenye mlango wa uani wakaniona. Kijiko kikasimama sufuriani. Bi Mwajuma alikuwa mkekani.

Maneno ya Maganga hayakuja. Basi nikatembea. Nikauburuza mguu wa kushoto. Nimeusikiliza mguu ule miaka, sikuhitaji kufikiri. Pa, shaa, nikapita katikati ya masufuria, kifua mbele, kofia upande, kama anavyokwenda akiwa hana hata senti. Nikasikia mwanamke mmoja anavuta pumzi: "Yarabi, ndiye huyo."

Na mdomo ukafunguka. Lakini haikuwa sauti yangu. Nilisema kwa sauti yake, ile ya puani:

"Yuko wapi Mnyamwezi wangu? Nani kamwona? Nilimwacha barabarani anakimbia! Mtu mweusi, mbaya, ananuka vitunguu!"

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha Mwanaidi. Kilimtoka kama chafya.

Nikaendelea. Sikuweza tena kusimama. "Miaka yote nasukuma makalio yake, nayajua kuliko mama yake! Siku moja, moja tu, namwambia mtani simama, mimi nakufa. Mnajua kanijibu nini? Hakugeuka! Kasema, kufa basi, nikirudi nitakula ubwabwa wako!"

Uani kulikuwa na kelele za kicheko. Watu walishikana mabega. Mimi nilikuwa namtazama mama yake. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama machoni sasa. Alijua si maneno ya kutunga. Nilimwona anajua.

Sikuwa na njia nyingine ila kumaliza. "Sasa si karudi? Mpeni basi! Mpeni ubwabwa wake!"

Kimya kikaingia, watu wamemwona mama.

Bi Mwajuma akanyoosha mkono akaelekeza kwenye sufuria kubwa. Akasema, "Mpeni ukoko."

Akacheka. Nilisikia kicheko kinaanza tumboni mwake na kinapanda kama ndoo kisimani. Uani mzima ulilia na kucheka, wanaume wakaja kutoka barazani kuona. Mwanaidi akanirushia majivu ya mafigani, mimi nikala ukoko kwa mikono miwili, majivu na yote.

Ilibaki kitu kimoja. Nilikuwa nakiogopa tangu mwanzo. Nikakimbia kuzunguka ua mara moja, kwa miguu yake. Nikapunguza. Pa. Shaa. Pa. Nikaanguka mchangani. Macho juu, ulimi nje.

Hakuna aliyecheka. Nilifumba macho. Nikasikia anainuka mkekani, anakuja, nyayo za mtu mzima. Akachutama. Akanifunika uso kwa upande wa kanga yake. Ilinuka moshi na karafuu. Akasema chini kabisa, na hakuwa anasema nami:

"Haya, mwanangu. Umekwisha kufa. Nenda."

Nikalala pale mpaka nikasikia vijiko vinaanza tena.

Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Bi Mwajuma alikaa mlangoni, nami nikakaa kizingitini, tukasikiliza. Watoto. Jogoo asiyejua saa. Lori la Pugu. Tukangoja mpaka giza. Akasema, "Maganga, nenda kapumzike." Nikampa shikamoo badala ya kwaheri. Sijui kwa nini.

Nimerudi Kariakoo kwa miguu. Miguu yangu tu.

Jumanne, 17 Julai

Mvua ndogo asubuhi, isiyo na msimu. Mbao leo, za Mhindi anayejenga Upanga. Chilumba anachechemea bado lakini anasukuma. Nimemwambia akichoka agonge. Kila alipogonga nikasimama, akapumzika. Mkokoteni una uzito wake.

Mchana tumekaa chini ya ukuta tukala mihogo. Ghafla likanijia tusi la kumtupia Mzaramo. Jipya. Sijalisikia kwa mtu yeyote, na ni zuri, la kumfanya mtu akose pumzi. Nilifungua mdomo.

Chilumba alikuwa anamenya muhogo. Akaniuliza, "Unasemaje, kaka?"

Nikasema hakuna. Tukala. Mvua ikakatika, tukasimama, tukazishika mbao zilizobaki.